Mimba ya Nani

Lifti ya hoteli ilikwama asubuhi, wageni wakiwa wamejazana mapokezi na masanduku yao, kila mmoja akilalamika kwa sauti. Fundi wa lifti, kijana mrefu aliyevaa ovaroli la buluu, alipofaulu kuufungua mlango, alitoka mwanamke aliyekumbatia rundo la mashuka. Juu ya sare yake alikuwa amevaa sweta zito la kijani. Pale nje watu wote walikuwa wanatoka jasho.

"Dada, humo ndani kuna barafu?" Fundi akamtania.

"Kuna giza. Na fundi wake anajivuta."

Alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka.

Wenzake wa chumba cha kufulia walimwita Sweta. Alipiga pasi katikati ya mvuke uliolowanisha kuta, na bado aliona baridi. Fundi akaanza kutafuta visingizio vya kuikagua ile lifti, na jioni wakawa wanapigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umenawa grisi?"

"Kidogo."

"Basi hata hiyo simu usiishike."

Walipendana hivyo, kwa utani. Lakini mara nyingi Sweta alikatisha matembezi ghafla, akidai amechoka, na Fundi akigusia habari za watoto, alibadili mazungumzo.

Kisha siku moja Sweta akatapika kazini. Wapiga pasi wakatazamana. Msimamizi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Jana ulisinzia, leo unatapika. Kama kazi imekushinda, sema."

Mpiga pasi wa meza ya pili alinong'ona neno moja, na kabla ya chakula cha mchana neno hilo lilikuwa limemfikia Fundi juu kabisa, kwenye mashine za lifti. Yeye na Sweta hawakuwahi kulala pamoja. Akapiga simu.

"Niambie ukweli. Ni ya nani?"

"Nini ya nani?"

"Mimba."

Sweta alikuwa amejiegemeza kwenye kapu la mataulo, kichwa kinamzunguka, tumbo limekataa hata maji.

"Ungejua umeniuliza nini," akasema taratibu, akakata.

Fundi alichukulia kwamba amekiri. Akarudi kwenye nati zake, akizikaza kwa hasira. Simu ilipoita tena, ilikuwa namba asiyoijua.

"Wewe ndiye Fundi? Mimi dada yake Sweta, alinipa namba yako. Hapokei simu. Uko naye?"

"Muulize mwenye mimba yake."

"Mimba gani? Nisikilize, baba. Miaka iliyopita mdogo wangu alipojifungua alivuja damu nyingi sana. Mtoto akafa, na ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ikaharibika. Ndiyo inayoamrisha homoni za mwili. Anaishi kwa vidonge. Akivitapika, mwili wake unazimika, anaweza kufa. Kuna sindano kwenye mkoba wake. Kimbia."

Fundi alishuka ngazi akiruka, simu mkononi. Alimkuta Sweta sakafuni kati ya makapu, uso umepauka, midomo mikavu. "Anaigiza huyo," msimamizi alikuwa anasema. Fundi akaufungua mkoba, akaitoa sindano. Dada akaanza kumwelekeza kwenye simu namna ya kuchanganya dawa, lakini kichupa kikamponyoka Fundi.

"Lete hapa." Alikuwa mpiga pasi wa meza ya pili. "Mama yangu ana kisukari, namchoma kila siku." Akapiga magoti, akachanganya dawa, akamchoma Sweta pajani. Hakuthubutu kumtazama mtu usoni.

Hospitalini, dripu ilipofika nusu, Sweta alifumbua macho.

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi akauliza.

"Mume niliyekuwa naye nilimwambia nimechoka, akaniita mvivu, akaondoka. Kazi ya kwanza niliwaambia naumwa, wakasema pumzika. Wakanipumzisha moja kwa moja. Wewe ningekwambia nini? Kwamba daktari hana uhakika kama nitazaa tena?"

"Ungeniambia hivyohivyo."

"Na wewe ungeniuliza naumwa nini."

Fundi akainamisha kichwa.

"Nimekukosea," akasema. "Nataka kukuoa. Mtoto akija, akija."

"Leo sitakujibu," Sweta akasema, akageukia ukutani.

Aliporudi kazini, alimweleza msimamizi mwenyewe, mbele ya wote. Msimamizi hakuomba radhi, ila alimpa zamu ya asubuhi na kiti cha kukalia anapopiga pasi. Wengine waliendelea kunong'ona. Mpiga pasi wa meza ya pili aliwanyamazisha.

Fundi naye kila Jumapili alikuwa kwa dada mtu, anajifunza kuchoma sindano kwenye machungwa, ovaroli limelowa maji ya machungwa hayo. Sweta alimtazama kutoka kwenye kochi. Jumapili moja akaja kukaa karibu naye.

"Nikichoka nitalala, hata kama wageni wako sebuleni."

Fundi akaiweka sindano chini. "Lala."

"Nikisema naona baridi, usinibishie."

"Sikubishii."

"Na siku nikianguka?"

"Nitaogopa," Fundi akasema. "Lakini nitakuchoma."

Sweta akayafuta machozi kwa kiganja.

"Basi nenda jikoni ukazungumze na dada habari za posa," akasema, "kabla hujatumalizia machungwa."