Mbofyo Usio na Mkono

Mshale ulitikisika kidogo kwenye kioo cha kompyuta, ukasogea kushoto, ukatulia pembeni mwa jina la mtu.

Fundi wa tovuti, ambaye ofisini walimwita Mama Pacha, alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kipanya kilikuwa mezani, hakuna aliyekigusa. Ka! Kikabofya chenyewe.

"Umeona?" akamnong'oneza Bonge, mwenzake wa meza ya pili.

"Betri hiyo. Badilisha betri, na chai upunguze."

Tovuti ilikuwa ya hospitali. Mgonjwa akilazwa, jina lake lilijitokeza kwenye ukurasa, na ubavuni mwake kiungo cha kubofya: Ametoka. Muuguzi alikibofya mgonjwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani, jina likafutika. Mama Pacha akampigia muuguzi wa zamu kumwomba radhi, kuna mzee amefutwa kimakosa.

"Kimakosa vipi, dada?" muuguzi akasema. "Amekata roho sasa hivi. Hata uso sijamfunika."

Wakabadilisha betri, kisha kipanya, kisha kompyuta nzima. Mbofyo ukaendelea, na kila ulipotua, wodini mtu alifunikwa shuka. Ofisi ikaanza kunuka udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa karibuni. Bonge akaacha utani.

"Kiondoe hicho kiungo," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimekiondoa tangu asubuhi. Kinajirudisha."

Mchana ule Shangazi, aliyemlea Mama Pacha tangu alipofiwa na mama yake, alikuwa hospitalini humo akisubiri kupasuliwa goti. Jina lake lilikuwa halijajitokeza, maana hajapewa kitanda bado, lakini mshale ulishashuka chini ya majina yote, mahali patupu, ukawa unabofya, ka, ka, ka, kama mtu anayegonga mlango huku akijua wenyewe wamo ndani.

Akampigia. "Shangazi, ondoka hapo! Rudi nyumbani!"

"Niondoke na hili gauni lao lisilo na mgongo? Una wazimu, mwanangu?" Simu ikakatwa.

Basi Mama Pacha akakaa akaandika, jasho likimdondoka kwenye herufi, harufu ya udongo ikizidi, Bonge akisali nyuma yake bila kutoa sauti, akaandika amri kwamba mbofyo wowote usiotoka kwenye kidole cha mtu ukataliwe, ukija tena ukataliwe, hata ukija mara elfu, akaituma kwenye kompyuta zote za hospitali, na papo hapo jina la Shangazi likajitokeza.

Ka! Ukakataliwa. Ka! Ukakataliwa.

Kisha kimya. Mshale ukalala. Harufu ikaondoka kama iliyofunguliwa dirisha. Bonge akacheka huku machozi yakimtoka.

Jioni muuguzi akapiga. "Shangazi yako ameamka, anagombana na daktari."

"Alhamdulillahi!"

"Ila dada, nani kaleta udongo humu wodini? Kunanuka." Kisha sauti yake ikabadilika. "Dada... mkono wangu wa kulia siuhisi. Unakwenda kwenye kipanya wenyewe."

"Chomoa waya! Kimbia! Usiguse—"

Mama Pacha akageukia kioo chake. Amri aliyoiandika ilikuwa ikikagua mbofyo mpya pembeni mwa jina la Shangazi: kidole cha kweli, cha mtu aliye hai.

Ikakubali.