Barua Iliyokatikia Njiani

Haya yalimpata Festo, niliyesoma naye chuo cha ualimu. Mkewe, Asnath, alifariki akimwandikia mama yake barua kwenye kompyuta mpakato inayotumia mfumo wa Linux. Ilikatikia hapa: "Mama, Festo akija, mwambie". Festo alifunga kifuniko, kompyuta ikalala, akaiacha kwenye chaji.

Siku ya kumaliza matanga alitakiwa aipeleke Kwihara kwa mama huyo, ambako hakuna umeme. Akapitia kwa Masolwa, fundi wa kompyuta mtaa wa Gongoni, akamweleza habari ya barua.

"Shikamoo, mwalimu. Ikilala hivi inategemea betri. Betri ikiisha, barua imekwenda. Tuihifadhi tu."

"Hapana. Sitaki kitufe kibonyezwe baada ya kidole chake."

"Basi tuipange iandike kila kitu kwenye diski, kisha izime kabisa. Ukiiwasha itarudi palepale." Akaipanga kwa kipanya bila kugusa kitufe, ikazima, akachomoa betri. "Imekufa, ila inakumbuka," akatania, kisha akainamisha macho.

Kwihara, vitu vya marehemu hukaa chumba cha ndani hadi vigawanywe. Hakina dirisha. Festo aliiweka kompyuta gizani juu ya kanga za Asnath, akatoka na betri mfukoni. Akiwa barazani alisikia vitufe vikibonyezwa humo ndani, polepole, kimoja kimoja. Kisha kimya.

"Panya hao, mkwe," alisema mama, bila kugeuka.

Festo aliingia, akarudisha betri, akawasha. Barua ikarudi.

"Mama, Festo akija, mwambie asiwashe."