Harufu Aliyoisikia Daktari Annah

Harufu ya kitunguu saumu ilianza Jumanne, katika nyumba ambamo hakuna aliyekipika.

Daktari Annah Kiema alisimama mlangoni pa jikoni, nyumbani kwake mtaani Mountain View, akanusa. "Philister, umepuliza dawa ya wadudu?"

"Hapana, Mama Stacy," mfanyakazi wake akajibu. "Hata sisikii kitu."

Annah aliijua harufu hiyo vizuri: ndivyo inavyonuka sumu ya wadudu. Alisomea sumu ng'ambo, na tangu arudi mwaka wa 2004 alikuwa tegemeo la chumba cha dharura katika hospitali moja ya katikati ya jiji. Alikuwa akiinama juu ya mgonjwa, ananusa, anataja sumu.

Alikosea mara moja tu. Wiki mbili nyuma, mpuliza dawa wa shamba la maua, jina lake Muigai, aliletwa akitokwa na povu. Siku hiyo Annah alikuwa na mafua, tena amechoka.

"Huyu ni pombe tu. Mwacheni alale."

Muigai alifia kwenye benchi. Mamake, Nyokabi, hakulia. Alimshika Annah mkono, akamwambia polepole, "Mwanangu hakuwa peke yake mwilini, daktari. Alikuwa na jini, na tulikuwa tumelizoea. Sasa umelifukuza kwake. Litatafuta kwingine."

Alhamisi harufu ilitoka kwenye mto wa mumewe, Wambua. Ijumaa ilikuwa katika pumzi yake. Annah alimtoa damu, akaipima. Ilikuwa safi.

"Niko sawa, Annah," Wambua alisema. "Hiyo kazi yako inakumaliza."

Hata hivyo Annah alikuja nyumbani na sindano na chupa za atropini, dawa ya kuzima sumu hiyo, mkobani.

Jumapili, mchana kweupe, wametoka kanisani, Wambua alikuwa akinawa mikono ili ale. Annah akamwona akilowa jasho, povu likimchuruzika mdomoni, mboni za macho zikinywea hadi zikawa kama ncha za sindano, na ile harufu ikajaa sebuleni hata ikamkaba koo, akamrukia, akamchoma sindano ya kwanza, akangoja povu likauke, halikukauka, akaongeza maradufu kama alivyofunzwa, akaongeza tena, huku Wambua akihangaika chini yake na kupiga kelele zisizo na maneno, na povu, machoni pa Annah, likizidi kufurika.

"Mami, wacha!" Stacy, binti yao wa miaka tisa, alilia. "Daddy hana kitu! Alikuwa ananawa tu!"

Philister alipofaulu kumvuta Annah kando, midomo ya Wambua ilikuwa imekauka kama karatasi. Moyo wake ulipiga mbio, ukayumba, ukasimama.

Hospitalini, Daktari Were, mwenzake wa miaka mingi, alimwita Annah kando. Hakuweza kumtazama usoni.

"Hakukuwa na sumu, Annah. Ni hiyo dawa yako iliyomuua. Polisi wako njiani."

Annah aliketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Stacy akaja mbio, akamkumbatia shingoni, akitetemeka.

"Mami, twende nyumbani."

Harufu ilitoka kwenye nywele za mtoto, kali kuliko siku zote. Annah akamwinua kidevu. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha za sindano, na povu jeupe lilianza kumtoka mdomoni.

"Usiogope, mwanangu," Annah alinong'ona, na mkono wake ukaingia mkobani.