Bomba Limetengenezwa

"Rudi nyuma wewe!"

"Nirudi wapi? Rudi wewe!"

Glenys alishachomoa kichwa dirishani na kufoka kabla hajaona anagombana na nani. Njia yenyewe ni zile njia za Devon, kule Uingereza, ua wa miti na majani pande zote mbili, mrefu kuliko mtu, gari moja likipita vioo vinachuma maua. Na sasa gari-nyumba lake jeupe, lenye kitanda na jiko humo humo, lilikuwa limesimama pua kwa pua na gari la kijivu linalovuta karavani nyuma.

Halafu akaiona ile kofia. Kofia ya kijani, kiraka pembeni. Kiraka alikishona yeye kwa mkono wake.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Clive Ormerod."

Mwanaume wa upande wa pili naye alikuwa ametoa kichwa, masharubu yote yamesimama.

"Glenys?"

"Usiniite Glenys. Rudi nyuma!"

Jamani, mwaka mzima hawajaonana wale. Kabla ya hapo, miaka sita, ukimwona Clive umemwona Glenys. Yeye mpishi wa shule mstaafu kutoka Wrexham, mjane. Clive fundi mabomba mstaafu wa Burnley, naye mjane. Kila ikifika Juni wanafunga karavani nyuma ya gari na kuja kambi ile ile, shambani kwa Bi Tamsin Luscombe. Watu wakawa wanauliza harusi lini.

Sasa, karavani ina mambo yake. Kuivuta mbele hata mtoto ataweza. Shughuli ipo kwenye kurudi rivasi, maana ukikata usukani huku yenyewe inaenda kule. Kwa hiyo wanahitajika wawili, mmoja anaendesha, mwenzake anasimama nyuma kumwelekeza kwa mikono. Wenyewe wanasema ukitaka kuijua ndoa ya watu usiende harusini, nenda kambini saa wanaingiza karavani. Na kambi nzima inatoka na viti na vikombe vya chai kutazama. Ile ndiyo sinema yao.

Mwaka jana Glenys alisimama nyuma, akanyoosha mikono yote miwili: simama! Clive hakusimama. Karavani ikaling'oa bomba la maji la kambi, maji yakaruka juu na kumlowesha Glenys kuanzia nywele mpaka soksi. Clive akashuka, aibu imemshika, na badala ya kunyamaza akabwata mbele ya watu wote:

"Miaka sita nakufundisha, kulia na kushoto hujui! Bora ningemsimamisha mbwa!"

Watu wakacheka. Glenys akachukua begi lake, akatembea vile vile na maji yake mpaka kituo cha basi.

Siku mbili baadaye Clive akamtumia ujumbe mmoja tu. Mwaka mzima, mmoja. Ulisema: "Bomba limetengenezwa."

Hakuna salamu. Hakuna samahani. Glenys aliusoma ujumbe ule mpaka akataka kuitafuna simu. Wiki iliyofuata akanunua gari-nyumba, ili asimhitaji mwanaume yeyote wa kumvuta wala wa kumwelekeza.

Simu yake ikaita pale pale kwenye dashibodi. Ni Mavis, dada yake mkubwa, anayeishi Hispania.

"Mdogo wangu, umefika wapi? Mwenye nyumba anataka jibu leo hii. Vyumba viwili, ukuta kwa ukuta na mimi, jua mwaka mzima!"

"Mavis, nitakupigia."

"Unaniambia hivyo tangu Pasaka. Kuna nini?"

"Niko njiani. Kuna mtu kaniziba."

"Nani?"

Glenys akameza mate. "Clive."

Mavis akalipuka. "Yule wa bomba? Bomba Limetengenezwa mwenyewe? Glenys, maji yakimwagika hayazoleki! Geuza gari uje zako Hispania!"

Alichokuwa hajui Mavis ni hiki: Glenys alikuwa amepatana na moyo wake. Atakwenda kambini mara moja tu, wiki ile ile waliyozoea. Akimkuta Clive, hatahama. Asipomkuta, jioni atamwambia Mavis ndiyo, auze gari, aage mvua. Na sasa amemkuta, ndiyo, lakini pua ya gari la Clive inatazama kutoka. Mwanaume anaondoka zake. Moyo ukamshuka mpaka kwenye kanyagio la breki.

Nyuma yake honi ikalia. Trekta, na tela limejaa nyasi kavu mpaka angani. Juu ya trekta alikuwa Bi Tamsin mwenyewe, mashavu mekundu, mikono imekunjwa.

"Habari za asubuhi, wapenzi wangu!" Watu wa kule kila mtu ni mpenzi wao, hata mleta barua. "Kuna nini huko mbele, tunazika?"

"Mwambie huyu arudi nyuma!" Glenys akasema.

"Wewe huwezi kurudi, mpenzi, ukirudi utanikuta mimi. Na mimi na tela hili sirudi hata nikiitwa na mfalme." Akasimama juu ya kiti chake achungulie. "Clive! Geti la shamba langu liko hapo nyuma yako, kwenye kona. Rudi uingie humo, tupite!"

Clive akashuka. Akaja mpaka dirishani kwa Glenys, kofia mkononi, nywele zimepungua kidogo tangu mwaka jana.

"Glen," akasema polepole. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kurudi rivasi. Siwezi bila wewe."

"Mwaka mzima umekuwa ukifanyaje?"

"Nachagua sehemu za kuingilia mbele na kutokea mbele. Nikikosa, nalala nje ya supamaketi. Mwanangu kanifungia kamera ya nyuma, inapiga kelele kama birika. Nimeifunika na kitambaa cha vyombo."

Glenys akang'ata mdomo kuzuia kicheko. Kisha akakumbuka yale maji.

"Si una mbwa?" akasema. "Msimamishe mbwa!"

Bi Tamsin juu ya trekta akacheka mpaka akashika tumbo. Clive masikio yakawa mekundu kama nyanya.

"Nimestahili," akasema.

"Umestahili zaidi ya hapo. Lete hicho kitambaa, nikupungie."

Glenys akashuka, kitambaa begani, akajibana kati ya karavani na majani mpaka nyuma. Akapita karibu na dirisha la karavani. Hakukusudia kuchungulia, lakini macho hayana pazia. Pale juu ya sinki, kwenye misumari miwili, vilining'inia vikombe viwili. Cha Clive cha bluu, na cha njano chenye mkono uliomeguka. Cha kwake. Kimeoshwa, hakina hata vumbi.

Glenys akasimama pale. Alimpenda yule mwanaume, basi tu. Hasira ilikuwa kweli na mapenzi yalikuwa kweli, na vyote viwili vilikuwa vimemchosha.

"Twende!" akaita. "Polepole! Kulia kwako! Kulia, Clive!"

Karavani ikaanza kurudi. Akiinua mkono, inatulia. Akipunga, inakuja. Akanyoosha mikono yote miwili, na safari hii ikasimama hapo hapo, tii. Ikaingia getini bila kugusa hata jani.

Clive akashuka, jasho linamtoka.

"Ulikuwa unaondoka unakwenda wapi?" Glenys akamuuliza, kama mtu asiyejali.

"Wrexham."

"Wrexham kuna nini?"

"Kuna wewe."

Glenys akaangalia kondoo. Kondoo nao wakamwangalia.

"Nimekaa kambini tangu Jumatatu naangalia njia," Clive akasema. "Kila gari likiingia nasimama. Jirani yetu Pettifer akaanza kuniuliza kama nina jipu. Nikasema hatokuja, niende mwenyewe."

"Ungefika mlangoni kwangu ungesema nini?"

"Nilikuwa bado natunga. Nilitegemea nikifika Bristol nitakuwa nimepata la kwanza."

"Na ule ujumbe? Mwaka mzima, Clive! Bomba limetengenezwa! Nililia miye, wewe unaniletea habari za bomba?"

"Nililitengeneza mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Nililala kwenye tope usiku na mchana. Nilifikiri ukijua limetengenezwa, utajua... utajua nimejuta. Sikujua kuandika lile lingine."

"Neno lenyewe ni samahani. Si refu."

"Samahani, Glen. Kosa lilikuwa langu, lote. Nilikuwa naangalia kioo kingine."

Ilikuwa ndiyo samahani yenyewe, aliyoisubiri mwaka mzima. Lakini Glenys akatikisa kichwa.

"Nimekusikia. Ila hukunitukana hapa, mbele ya kondoo. Ulinitukana mbele ya kambi nzima, na vikombe vyao mkononi, wakacheka. Niliondoka pale kama mwizi."

"Glen, unanijua. Mimi na kusema mbele za watu... kwenye harusi ya mwanangu nilizimia."

"Nakujua," akasema Glenys. "Na leo jioni nampa Mavis jibu. Kuna nyumba Hispania."

Akapanda gari lake, akaondoka bila kugeuka. Akimtazama kwenye kioo, bila shaka. Clive alikuwa amesimama getini kama kijiti.

"Zungukia shambani kwangu, mpenzi!" Bi Tamsin akamwambia Clive akipita na trekta. "Na usipofika kambini, nyasi hizi nitakulisha wewe!"

Kambini ni wale wale wa kila mwaka. Bwana Pettifer na darubini yake ya kutazamia ndege, ambayo haijawahi kuona ndege. Mkewe. Mabibi wawili wa Leeds wanaosuka sufu. Walipomwona Glenys wakasimama wote, kisha wakakaa, kisha wakajifanya wanatazama mawingu. Nafasi iliyokuwa wazi upande wa karavani ilikuwa moja tu, pembeni ya bomba.

Glenys akaegesha upande wa magari-nyumba, akachemsha maji, hakunywa. Saa ya chai ya alasiri ikafika, skonzi na krimu, hakula. Ujumbe ukaingia kutoka kwa Mavis: "Mwenye nyumba yuko kwangu, amekaa. Ndiyo au hapana?"

Akaanza kuandika N. Akaifuta. Akaandika tena N, na d.

Ndipo gari la kijivu likaingia getini na karavani yake.

Viti vikatoka. Loo, vilitoka kwa kasi! Vikombe, biskuti, hata mablanketi ya magotini. Clive hakuanza kuegesha. Alishuka, akatembea mpaka kwenye bomba, akavua kofia, akasimama.

"Mwaka jana," akaanza, sauti ikakwama. Akakohoa. "Mwaka jana nilisema maneno hapa. Kuhusu mbwa."

Vikombe vikashushwa magotini.

"Bomba nililivunja mimi. Glenys alinyoosha mikono yote miwili, mimi naangalia kioo kingine. Alikuwa sawa. Miaka sita yote alikuwa sawa, mimi ndiye nilikuwa naambiwa dereva mzuri. Mkamcheka kwa sababu yangu. Kwa hiyo nasema mbele yenu, nisamehe, Glenys. Nilikosa adabu."

"Tulijua!" Bwana Pettifer akapaza sauti. "Niliona kwa darubini! Alinyoosha mikono!"

"Na mwaka mzima hukusema?" mkewe akamgeukia. "Mbona ulicheka na wewe?"

"Nilicheka kwa adabu tu..."

"Nyamaza, Pettifer!" wakasema mabibi wa Leeds kwa pamoja.

Clive alikuwa hajamaliza. Alikuwa ameshika lile bomba kwa mkono mmoja asianguke.

"Na kuna lingine. Glen, sina maneno mazuri. Kikombe chako nimekiosha kila asubuhi. Kama utanitaka, nataka kukuoa. Kama hutanitaka, nitakusaidia kubeba mizigo ya Hispania. Basi."

Macho yote yakamhamia Glenys. Alikuwa amesimama mlangoni pa gari-nyumba lake, simu mkononi, machozi yanamtoka wazi wazi na hayafuti.

"Kwanza ingiza karavani," akasema.

Akaenda kusimama pale pale aliposimama mwaka jana. Clive akapanda. Kambi nzima ikashika pumzi, biskuti zikalainika ndani ya chai na kuzama. Kushoto kidogo. Sawa. Njoo. Njoo. Kulia. Karavani ikawa inarudi taratibu, bomba linakaribia. Glenys akanyoosha mikono yote miwili.

Ikasimama. Kati ya karavani na bomba ungepitisha kiganja tu.

Makofi yakapigwa mpaka kondoo wakakimbia. Clive akashuka, akamwendea, na safari hii hakutafuta maneno, akamkumbatia tu.

"Sasa?" akamuuliza sikioni.

"Nakubali, kichwa kigumu wewe. Ila siku nyingine ukiniandikia, andika na samahani."

"Na hili gari-nyumba lako?"

"Tutaliuza. Nililinunua ili nisimhitaji mtu." Akajifuta pua na kile kitambaa cha vyombo. "Nimejaribu. Silali vizuri humo."

Simu ikatetemeka tena. Mavis: "Glenys! Mtu wa watu anasubiri! Jibu!"

Glenys akamwangalia Clive, ambaye alikuwa ameshachuchumaa kukaza nati ya bomba ambayo haikulegea. Akacheka peke yake, akaandika maneno mawili, akatuma.

"Bomba limetengenezwa."

Kutoka Hispania jibu likaingia:

"Harusi lini? Nitafute kofia."