Dirisha la Kanisani

Kayumba na mkewe Eugénie walitoka Kivu ya Kusini, Kongo, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Waliuza maharagwe katika soko la Rwekubo. Kayumba alipenda kuonekana mjuzi. Mwaka 2013 kanisa lao lilipotaka madirisha ya alumini, alijitolea kwenda mji wa Mbarara kuyachagua. Fundi wa kanisa alitaka waende pamoja. Kayumba akamwambia hakuna haja.

Dukani alichagua fremu zilizong'aa kuliko zote. Zilikuwa nyepesi, naye akafurahi kwamba ni rahisi kubeba.

Jumapili moja mvua ilikuja na upepo mkali wakati wa maombi. Fremu pana kati ya zile mpya ikapinda. Kioo kikatoka, kikamwangukia Mama Yudita, mshonaji wa nguo. Alikatwa vibaya mkononi, akakaa muda mrefu bila kushona.

Kayumba aliona haya. Alipita njia ya mashambani asikutane na watu. Jumapili alisema anaumwa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimchoma zaidi.

Eugénie akamwita kwa jina la mtoto wao, akamwambia, "Baba Prince, kujificha haitaponyesha mukono wa Mama Yudita. Tuende tumuombe musamaha. Kisha tuulize wenye kujua."

Walikwenda. Kayumba alikiri kosa akiangalia chini.

"Mukono inaniuma, sitadanganya," alisema Yudita. "Lakini watoto banaketi pale. Tengeneza ile dirisha."

Mbarara, mtaa wa Kamukuzi, walimpata fundi wa alumini, Rwakabuba. Aliwaonyesha vipande virefu vya alumini vinavyotumika kutengeneza fremu. Mafundi huviita profaili, na ndani vina uwazi.

"Usichague na macho," alisema. "Angalia pahali imekatwa, uone unene. Bana na vidole. Kama inabonyea, haifai dirisha kubwa."

Alieleza kwamba mlango unataka profaili nene zaidi. Dirisha pana ligawanywe kwa nguzo ya katikati. Ukanda wa mpira ushike kioo pande zote. Chini pawe na vitundu vya kutoa maji ya mvua, na fremu ifungwe ukutani kwa skrubu imara.

Kayumba na fundi wa kanisa waling'oa fremu zote, wakaweka nyingine. Mvua ya Novemba ikapiga. Mabati yalipiga kelele, lakini madirisha hayakutikisika.

Baadaye kanisa lilimwomba Kayumba akanunue mlango wa darasa la watoto. Safari hii akamwomba Yudita aende pamoja naye.

Dukani, Yudita ndiye aliyebana profaili kwanza, kwa mkono wake usioumia, kama Kayumba alivyomfundisha njiani. Ikabonyea. Akatikisa kichwa, na muuzaji akaenda kuleta nyingine.