Kiini Kilichofundishwa Kubisha Hodi

Chapati iliruka juu, ikapinduka vizuri hewani, ikashuka zake, ikaanguka sakafuni pwa! Mkono wa chuma uliotakiwa kuidaka ulifika nusu sekunde baadaye. Ukadaka hewa, ukailaza hiyo hewa kwenye kikaango kwa uangalifu mkubwa, ukaipaka mafuta, kisha ukageukia nyingine.

"Ya mia tatu na sita hiyo," alisema Mihayo, msimamizi wa Jiko Kuu la Tabora, akiinama kuiokota. "Injinia, wewe umekuja kufanya kazi au kuangalia sinema?"

"Naangalia, kaka Mihayo. Nisipoangalia nitatengeneza nini?"

"Haya, angalia. Ila ujue kuku wangu nyumbani wamenenepa mpaka hawapiti mlangoni."

Injinia Kabula alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Mikono arobaini ilikuwa inaning'inia kutoka darini, kila mmoja na vidole vitano, ikikanda, ikisukuma na ikirusha. Jiko hili lilikuwa linapikia watoto elfu kumi na mbili wa shule zote za mji. Na watoto walikuwa wanarudi shuleni Jumatatu, na siku ya kufungua shule, kama kila mtu Tabora anavyojua, ni chapati. Leo ilikuwa Ijumaa.

Sasa, kila mashine ina kiini. Kiini ni ile programu ya ndani kabisa, isiyoonekana, inayogawa kazi: huu moto uwake, ule mkono unyanyuke, wewe ngoja kwanza. Kiini cha jiko kiliitwa Mwiko. Kwa miaka ishirini na sita Mwiko kiliishi ndani ya mashine yake chenyewe, kubwa kama kabati la nguo, pale kwenye kona. Mwaka jana kabati lile likafa. Vipuri vyake havitengenezwi tena popote duniani. Basi mafundi wakakitoa Mwiko kama mtu anavyotoa kiini cha yai, taratibu kisipasuke, wakakihamishia kwenye Nyumba Kubwa.

Nyumba Kubwa ni mashine moja tu iliyo chini ya stesheni, na humo viini vya mji mzima vinakaa kama wapangaji: cha maji, cha treni, cha zahanati, cha taa za barabarani. Anayewagawia vyumba na kuwaamua wasigombane ni programu nyingine, inayoitwa Mwenyeji.

Tatizo ni kwamba Mwiko hakikuambiwa kimehama.

Kiliandikwa zamani, kwa mashine yake, na ndani yake mlikuwa na maandishi ya mafundi waliotangulia: usiguse hapa. Watu wakaogopa. Wakaona bora kukidanganya. Basi Mwiko kikisema, "Mkono wa tisa, daka!", Mwenyeji anaikamata amri ile njiani, anaitazama, anajiuliza huyu mzee anataka nini, anaigiza sauti ya lile kabati lililokufa na kujibu, "Ndiyo, bwana," halafu ndipo anageuka kuifanya kazi yenyewe. Kila amri, mara mbili. Kwa uji kuchelewa huko hakukuonekana, uji ni mvumilivu. Chapati haimngoji mtu.

"Halmashauri wamesema mpaka Jumatatu asubuhi," alisema Mihayo, sasa bila mzaha. "Zikianguka, wanakifuta. Kiini kipya kimeshalipiwa. Nimekiona kikifanya kazi. Kinapasha moto vitu vya pakiti."

"Najua."

"Mama umemwambia?"

Kabula akafunga kompyuta yake, akaaga.

Aliyekuwa anaulizwa habari zake ni Bi Kalunde, mama yake mzazi. Mwiko hakikuzaliwa kinajua kukanda. Kilifundishwa na wanawake sita wa Tabora, waliopika mbele ya macho yake mwaka mzima, na kila mkono wa chuma ukabeba tabia ya mmoja wao. Kati ya wale sita, wanne walikuwa wameshafariki, wa tano alihamia kwa mwanawe Kigoma na alikuwa hamtambui tena mtu. Wa sita ndiye Bi Kalunde. Kiini kikifutwa, mikono ile yote inafutika, na hakuna pa kuitafuta.

Bi Kalunde alikuwa na miaka sabini na minane, na alikaa kwa Kabula. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mwaka wa pili sasa. Bado alikuwa anapika. Angalau mwenyewe aliamini hivyo. Ukweli ni kwamba Kabula alikuwa amemnong'oneza Chapuchapu, roboti wa nyumbani: "Mama akipika, mwache. Akitoka tu, rekebisha."

Jumamosi mchana walikaa mezani. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Bi Kalunde alikuwa ameingia jikoni tangu saa nne. Palikuwa na ugali, na palikuwa na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga.

"Kabula."

"Abee, mama."

"Mboga vipi?"

"Tamu, mama. Mkono wako haujapotea."

"Chumvi?"

"Imekaa sawasawa kabisa."

"Haya." Bi Kalunde akamega tonge dogo, akalifinyanga polepole. "Mimi leo sikutia chumvi hata punje."

Kabula akaacha kutafuna.

"Nilisema nijaribu," mama akaendelea, sauti yake tulivu kama anahesabu mayai. "Juzi nilisahau kijiko ndani ya unga, ugali ukaja mezani hauna kijiko. Jana nimevunja sahani moja kwa mikono yangu hii, jioni nikazikuta zimetimia sita. Nikasema, nyumba hii ama ina malaika, ama ina mtu. Chapuchapu!"

Roboti akachungulia kutoka jikoni. "Abee, bibi."

"Nani katia chumvi?"

"Nimeagizwa nisiseme, bibi."

"Umeshasema. Rudi kwenye vyombo."

Kabula alitazama sahani yake. Mtu mzima, injinia, ana watu kumi na wawili chini yake kazini, na hapo alikuwa mtoto wa darasa la pili aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Sikutaka uvunjike moyo, mama."

"Kinachotetemeka ni mkono. Moyo uko pale pale. Ungeniambia, mama, kisu sasa kimekuwa kigumu, ukikwama niite. Ningeita! Nina mdomo. Kumbe mimi naamrisha mle jikoni, najiona bibi mwenye nyumba, na hakuna ninaloliamrisha. Halafu mnalalamika chakula kinachelewa. Kisichelewe vipi, nacho kinapikwa mara mbili?"

Kabula aliinua kichwa. Tonge lilikuwa mkononi bado.

"Mara mbili," alisema.

"Nimesema mara mbili. Umekuwa kasuku?"

"Mama, kuna jingine nililokuficha." Akamweleza yote: lile kabati lililokufa, Nyumba Kubwa, amri zinazokamatwa njiani, chapati zinazoanguka, na Jumatatu.

Bi Kalunde alirudisha tonge lake sahanini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Nyanjige naye wamfute?"

Nyanjige alikuwa rafiki yake, wa kwanza kufariki kati ya wale sita.

"Na yeye, mama. Wote."

"Basi bado umekaa hapa unafanya nini? Nenda! Na ukifika huko, kiambieni ukweli hicho kitu chenu."

Kabula alikuwa ameshafika mlangoni. "Hata kunawa hukunawa!" mama akampigia kelele, lakini gari la umeme lilikuwa limeshaondoka.

Alianza mchana huohuo. Alifungua kiini cha Mwiko, akapita mstari kwa mstari, akitafuta kila mahali kilipokuwa kinaigusa mashine moja kwa moja kama mali yake. Alipata mahali mia mbili na kumi na nne. Palipoandikwa usiguse, alitengeneza nakala kwanza, akavuta pumzi, akagusa. Na kila mahali alikuwa anaondoa amri na kuweka ombi mahali pake. Kwa lugha ya viini aliandika jambo ambalo mtoto yeyote wa Tabora hufundishwa kabla hajajua kuvaa viatu: ukifika kwa watu, simama nje, piga hodi, sema shida yako, ngoja uitikiwe. Na mwanzoni kabisa, kabla ya yote, akaandika mstari mmoja mfupi wa kukiambia Mwiko kwamba lile kabati halipo tena, na kwamba hapa kilipo ni mgeni.

Jumapili asubuhi walijaribu. Mihayo alikuja na kikapu, kwa ajili ya kuku.

Chapati ya kwanza iliruka. Mkono ulichelewa sekunde nzima.

"Injinia," alisema Mihayo, "umekifanya kibaya zaidi."

Kabula alisoma kwenye kioo cha kompyuta. Mwiko kilikuwa kimeelewa sana, tena kupita kiasi. Hodi, naomba kunyanyua mkono wa tisa. Hodi, naomba kufungua kidole gumba. Hodi, naomba kufungua kidole cha pili. Mwenyeji alikuwa anafungua mlango na kufunga, anafungua na kufunga, masikini, kama mama mwenye duka siku ya mkesha wa sikukuu.

"Huyu anabisha hodi hata kupiga chafya," alisema Mihayo. "Harusini kwetu angefukuzwa. Wapishi wanataka kuni, maji na vitunguu, unatuma mtu mmoja aende mara moja na sinia. Humtumi kwa kila kitunguu."

Kabula alimtazama, akamtazama tena. "Kaka Mihayo, wewe ulisomea nini?"

"Mapishi. Kwa nini?"

"Umekosea njia. Ungekuwa injinia."

Ikawa sinia. Kabula alitenga mahali pamoja katika kumbukumbu ya Nyumba Kubwa, ambapo Mwiko na Mwenyeji wote wawili wanafika. Mwiko kinapanga maombi yake humo, hamsini, sitini, kisha kinabisha mara moja tu. Mwenyeji anachukua yote, anarudisha sinia likiwa na majibu. Ilimchukua mpaka saa kumi jioni. Kisha chapati iliruka, ikapinduka, ikashuka, na mkono ulikuwa umeshafika chini yake, umekunja vidole kidogo, unaingoja.

Ya pili. Ya kumi. Ya mia. Mihayo alisimama na kikapu chake kitupu akisema, "Kuku watalala njaa leo," na machozi yanamtoka, akasingizia moshi, na majiko ya pale hayana moshi.

Jumatatu Kabula alimchukua mama yake. Watu wa halmashauri walikuwa wameshakuja, wakahesabu, wakala chapati nne kila mmoja, wakaondoka na karatasi yao ya kufuta bila kuisaini. Mihayo alimkimbilia mgeni mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda, na unakaa jikoni?"

Bi Kalunde alisimama chini ya mikono arobaini, shingo ameiinua. Alitembea taratibu, akiitazama mmoja mmoja, kama mtu anayepita kwenye msafara wa harusi akitafuta jamaa zake. Kwenye mkono wa tisa akasimama. Mkono ule ulipiga donge la unga kwa kiganja mara mbili, pa-pa, kabla ya kulikunja.

"Nyanjige," alisema. "Tulimcheka sana kwa hilo. Tukimwambia, unga umekukosea nini?" Akacheka peke yake, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Saa nne ilipofika chapati zilikuwa zimetimia. Mikono ilisimama. Kwenye kioo yakatokea maneno ambayo Kabula alikuwa hajawahi kuyaona, ingawa njia yake aliitengeneza mwenyewe: Nimemaliza. Nafasi yangu achukue mwingine mpaka saa nane.

"Kinasema nini?" aliuliza mama.

"Zamani kilikuwa kinashikilia chumba kizima hata kama hakipiki, maana kilijua ni chake," alieleza Kabula. "Sasa kimejua kina majirani. Nafasi yake kimepewa kiini cha zahanati, kilichokuwa kimebanwa sana."

Bi Kalunde aliyatazama maneno yale kwa muda mrefu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kando ya kanga, na safari hii hakuuficha.

"Kisu nitakupa," alisema hatimaye. "Na moto nitakupa, Chapuchapu awashe. Usinirudishie nikikuomba siku nikiwa na hasira."

Kabula alikuwa ameyataka maneno hayo karibu miaka miwili, na sasa yamekuja hakuyafurahia hata kidogo.

"Wangu ni upi?" mama akauliza.

"Ni kadhaa. Mmojawapo ni wa kumi na mbili, ule pale."

Mihayo akauamsha mkono wa kumi na mbili peke yake. Ukachota unga, ukaanza kukanda. Bi Kalunde aliutazama, akakunja uso.

"Unabana mno. Angalia huo! Unaukaba unga kama umeuibia. Ndivyo nilivyokuwa nakanda siku zile, nilikuwa mtu wa haraka. Baadaye ndiyo nikajua." Akaanza kukunja mikono ya blauzi yake. "Mihayo, mwanangu, hiki kitu bado kinafundishika?"

"Kinafundishika, mama. Ukikanda mbele yake kinatazama."

"Nipe beseni na unga. Nipe na kiti."

Akaketi, akalivuta beseni. Kisha, kabla hajagusa unga, akamgeukia binti yake.

"Kabula, kiambie kwanza kwamba natetemeka. Kisije kikajifunza na hilo."