Anayeitwa Aitike

Umeme ulikatika jua likizama, na televisheni ya ukumbini ikazima katikati ya taarifa ya habari. Kama hujawahi kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee utasema hilo ni jambo dogo. Si dogo. Giza likianza kuingia, wazee huchachamaa. Aliyetulia tangu asubuhi anaanza kutafuta viatu, anataka kwenda kwao. Mwingine anadai amefungiwa. Mwingine analia tu, na ukimuuliza analilia nini, hata yeye hajui.

"Hebu kalete mpira," sista wa zamu akaniambia, "kabla hawajatugeuka hawa."

Mimi ndiye mtu wa shughuli pale. Sista ana dawa zake, mpishi ana uji wake, na mimi kazi yangu ni kuhakikisha wazee hawashindi wakitazama ukuta. Mazoezi ya kukaa kitini, kuimba, kushona, kupanda maua kwenye makopo. Lakini mpira waliupenda kuliko vyote. Wanakaa duara, mwenye mpira anamwita mwenzake, anayeitwa anaitika kwanza, ndipo anarushiwa. Kanuni hiyo niliiweka mimi, maana mzee ukimrushia mpira hajajiandaa unampiga usoni, na hapo sista atakutafuna mzimamzima. Tena kuitika kuliwachangamsha. Wale ni watu wa malezi ya zamani. Anaweza kuwa amesahau hata jina la mwanawe, lakini mwite uone. "Naam!" "Abee!" Inatoka yenyewe, kabla hajajua ameitwa na nani.

Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Ndugu zangu walisema nimemtupa kwa wazee. Waache waseme. Nilimwona kila siku, nilimlisha kwa mkono wangu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumbadilisha shuka. Kilichoniuma ni kwamba hakunijua tena. Aliniita dada. "Dada," aliniuliza kila magharibi, "mama hajaja kunichukua?" Mama yake alifariki kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa na ombi moja tu duniani: kabla hajaniacha, aniite mara moja lile jina la utotoni ambalo yeye peke yake aliniita.

Basi nikaenda stoo, nikapapasa nyuma ya kapu la nyuzi, nikaupata mpira. Niliporudi ukumbini viti vilikuwa tayari vimepangwa duara, na kwenye duara palikuwa na mtu ambaye simjui.

Mwanamke mzee. Amejifunika mtandio wa kijivu, uso umeinama. Nikadhani ni mgeni wa sista, labda shangazi yake. Nikamwamkia. Hakuitikia. Nilipopita nyuma ya kiti chake nikasikia harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi zikasahauliwa sandukuni. Kwa wazee harufu ni nyingi, sikutia maanani.

Tukaanza. Mzee tuliyemwita Dereva, aliyeendesha mabasi maisha yake yote, akampigia kelele jirani yake. "Hedimasta! Simama, tukuchape leo!"

"Naam," akaitika Hedimasta, bila kucheka. Alikuwa mwalimu mkuu zamani na sijawahi kuona meno yake. Akadaka, akamwita Bibi Kofia, Bibi Kofia akaitika, akamwita mwingine. Vicheko vikaanza. Nikashusha pumzi.

Kisha nikaona mpira uko mapajani kwa yule mgeni.

Sikumwona aliyemrushia. Wala sikusikia akiitika.

Akaushika kwa mikono miwili... Akainua uso kidogo... Akaita.

Haikuwa sauti ya bibi kizee. Ilikuwa ya mwanamke kijana, laini, ya mtu anayemwita mtoto wake aje kuoga. Akaita jina la kudekeza, jina ambalo hakuna mtu mzima anayeitwa. Tukatazamana, nani huyo?

Hedimasta akanyooka kitini.

"Naam, mama!"

Mpira ukaruka. Akaudaka kifuani, akaukumbatia, akalia. Halafu akacheka, na kumbe alikuwa na pengo mbele. Wazee wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga. Nitadanganya nini? Nilifurahi. Umeme uliporudi alikula chakula chote, akalamba kijiko.

Asubuhi tulimkuta amefariki.

Kwetu kifo si habari. Tunalia kidogo, tunatandua kitanda, tunaendelea. Lakini mimi ndiye niliyemsaidia sista kumnyoosha, na mikono ya Hedimasta ilikatalia kifuani, viganja vimekaa kama vya mtu anayedaka kitu. Tulihangaika nayo mpaka tukakata tamaa. Na chumba kizima kilinuka nguo mbichi.

Jioni yake umeme ulikuwapo, televisheni inawaka, na hakuna aliyeitazama. Wazee wenyewe walivuta viti wakapanga duara. Watu ambao kunyanyua kikombe ni shughuli! "Leta mpira," wakaniambia. Nikawaletea, nikidhani wanamkumbuka mwenzao. Nilipogeuza kichwa tu, kiti cha Hedimasta kilikuwa na mtu.

Mtandio wa kijivu.

Akamwita Bibi Kofia. Sauti nyingine kabisa, nzito, ya mwanamke mwenye kifua kipana, na jina jingine la mtoto. Bibi Kofia akavua kofia yake kwanza. Tangu aje pale hatukuwahi kuona nywele zake. Akaziweka sawa kwa vidole, kama msichana anayeogopa kuambiwa mchafu.

"Abee, mama. Nakuja."

Asubuhi alikuwa hivyohivyo, viganja wazi kifuani.

Hapo ndipo nilipoanza kuunganisha mambo. Nikamfuata sista kwenye chumba cha dawa.

"Sista, yule mgeni wako anatoka wapi?"

"Mgeni yupi?"

"Yule bibi wa mtandio."

Akaacha kuhesabu vidonge. "Yule si wako? Mimi nilijua ni mama yako mdogo. Si anamsogelea mama yako?"

"Hakai karibu na mama."

"Bado," akasema sista. "Kila jioni anasogea kiti kimoja."

Sikusubiri kusikia zaidi. Nikaenda getini. Mlinzi aliapa kwa watoto wake kwamba hajamfungulia mwanamke wa namna hiyo, si kuingia wala kutoka. Nikarudi hadi stoo, nikachukua mkasi wa kushonea, nikauchoma ule mpira. Ukatoa upepo taratibu, fyuuu... na upepo wake ulikuwa na harufu ileile. Nikautupa pipani, nikajikaza kisabuni. Mpira hakuna, mchezo hakuna. Ndivyo nilivyojidanganya.

Jioni nikachelewa kidogo jikoni, mpishi aliniomba nimsaidie kubeba sufuria. Ghafla nikagundua kitu.

Kimya.

Hakuna kikohozi. Hakuna anayelilia viatu.

Nikaacha sufuria pale pale, nikakimbia. Ukumbini wamekaa duara, wote, mikono wameinyoosha mbele, viganja juu. Wanasubiri. Mama yangu yupo katikati ya Dereva na kiti chenye mtandio wa kijivu. Na yule mgeni amemgeukia, magoti yanagusana. Mikononi hana kitu, lakini ameishika mikono kama mwenye mpira.

Akafungua mdomo.

Jina la mama yangu la utotoni nilikuwa silijui. Nililijua pale. Sauti iliyoliita ilifanana na ya mama, na ya dada zangu, na yangu mimi. Ilikuwa ya kwetu. Nikajua hiyo ni sauti ya bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona.

Mama akatabasamu, akavuta pumzi aitike...

Nikamrukia. Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Akanishangaa kwanza. Halafu akapigana. Mwanamke ambaye nilimkatia nyama vipande kwa sababu hana nguvu ya kutafuna aliniuma kidole mpaka kikatoka damu. Sauti ikaita mara ya pili, bila haraka, kama mtu anayejua mtoto yuko karibu. Machozi ya mama yakamwagika juu ya mkono wangu, ya moto. Nilisikia "abee" yake ikigonga kiganjani mwangu.

"Mwache," Dereva akaninong'oneza. Hakunitazama. "Mwache mtoto wa watu aitike. Anaitwa na mama yake."

"Nyamaza, babu!"

"Wewe ungeitwa, usingeenda?"

Nikamshika mama kwapani, nikamburuta. Kiti kikaanguka. Sauti ikaita mara ya tatu, na safari hii ilikuwa na huzuni, Mungu anisamehe, huzuni ya kweli. Nilipofika mlangoni nikageuka. Wazee walikuwa wameshusha mikono, wananitazama mimi. Kiti cha mgeni kilikuwa kitupu.

Jioni hiyohiyo nilimchukua mama nyumbani kwangu. Kazi sikurudi. Sista alinipigia simu baadaye kwamba wazee wametulia mno, wanakaa duara kutwa na hawamtaki mtu mwingine wa shughuli. Nilipouliza Dereva anaendeleaje, simu ikakatika, au aliikata.

Mama hakufa. Hilo nalisema kwanza, kwa sababu ndilo nililolipigania. Anakula, analala. Lakini tangu siku ile hajamuulizia mama yake. Magharibi ikifika anageuza kiti mlangoni, anakaa akiutazama mlango, na uso wake ni wa mtoto aliyeachwa shuleni wenzake wote wakachukuliwa. Nimemfanyia mimi hivyo. Nawasha redio kwa sauti kubwa, naimba, nagonga vyombo, ili asisikie kitu hata kikiwapo.

Juzi mvua ilinyesha kutwa. Nguo nikazianika ndani, kwenye kamba ya sebuleni, kwa hiyo harufu ya nguo mbichi ilijaa nyumba nzima na sikuweza kujua ipi ni ipi. Redio ilikuwa imekwisha betri. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nimempa mama mgongo, mlango wa sebule uko wazi.

Nikaitwa.

Lile jina langu la utotoni. Lile lenyewe. Na sauti ilikuwa ya mama, si hii iliyochakaa, ile ya zamani, ya alipokuwa ananiita kutoka uani nije kula.

Sahani ikaniteleza ndani ya maji. "Abee" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, nikaifungia kwa meno mpaka taya likauma. Sauti imetoka wapi? Sebuleni? Mlangoni? Nyuma ya nguo zile?

Nikageuka polepole...

Mama alikuwa ameacha kutazama mlango. Ananitazama mimi. Na macho yake, jamani, macho yake yalikuwa yananijua. Miaka yote niliyoomba, haya hapa. Anatabasamu, amenyoosha mikono kunielekea, viganja wazi, kama mama yeyote anayetaka mtoto wake aje. Nguo zilining'inia kati yetu, shuka lilimziba mdomo. Sikuweza kuona kama ni yeye aliyeita.

Jina likaja tena. Taratibu. Kwa upendo.

Shuka halikutikisika.

Nikasimama pale na mikono yenye povu, machozi yananitiririka, nikamtazama mama yangu akinisubiri. Neno moja tu. Mtoto mdogo analijua. Kama ni yeye, sitalisikia tena jina hilo duniani. Kama si yeye...

Nikauma midomo. Sikuitika.

Nikauona uso wake ukizimika kidogo kidogo. Mikono ikashuka mapajani. Akanitazama kama anavyotazamwa mpita njia, akapangusa macho kwa upindo wa nguo, na aliposema sauti ilikuwa ile iliyochakaa.

"Dada," akaniuliza, "namwita binti yangu, mbona haitiki?"

"Ametoka kidogo, mama," nikamwambia. "Atarudi."